Mgonjwa yu Shela, boti iko wapi?

Na Daktari Wetu

Usiku ule simu tano zilipigwa kutoka nyumba moja ya Shela, na hakuna boti hata moja iliyokuja.

Nilikuwa huko kwa mapumziko ya siku nne, miaka michache iliyopita, wakati wa bamvua. Yapata saa tisa usiku mlango uligongwa kwa kishindo. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alikuwa amejifungua, mtoto analia vizuri, lakini damu ilikuwa haikomi. Watu walikuwa wamesikia kwamba mgeni aliyefikia pale ni daktari. Nilikwenda mikono mitupu, kwani ni daktari gani aendaye likizo na mkoba?

Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Mji wa mimba ukiwa na kitu ndani haujikazi sawasawa, na usipojikaza mishipa yake hubaki wazi na damu humwagika. Muuguzi aliamshwa akaja mbio na sindano ya oksitosini na dripu, Mungu amjalie. Mimi nikabana mji wa mimba, mkono mmoja ndani na mwingine juu ya tumbo, kama tulivyofundishwa. Kufanya hivyo huzuia damu kwa muda, lakini aliyeshika hawezi kuachilia. Kwa hiyo nikasema kwa sauti, "Iteni boti!" nikadhani kwamba hilo limekwisha.

Kutoka Shela hadi mji wa Lamu ni kama kilomita tatu tu. Msomaji wa Nairobi au Mombasa atasema hiyo ni safari ya miguu. Ni kweli, mchana, maji yakiwa yametoka. Lakini maji ya bamvua yakijaa hufunika sehemu za njia ya ufuoni, na mama anayevuja damu humpakii punda wala pikipiki gizani. Njia ni boti.

Watu watano walitoka nje na simu zao za mkononi. Mmoja alimpigia binamu yake mwenye boti. Simu ilikuwa imezimwa. Wa pili alimpigia kijana wa hotelini, naye akaahidi kumwamsha nahodha. Wa tatu alimpigia jamaa aliye mjini Lamu ili atafute boti upande wa huko. Wa nne alimsikia wa pili akisema "imepatikana", akarudisha simu mfukoni. Wa tano, hadi leo sijui alimpigia nani. Baada ya nusu saa nikauliza boti imefika wapi, na kila mmoja akamtazama mwenzake.

Vitabu vya ukunga vyatufundisha kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Robo ya muda huo tulikuwa tumeimaliza kwa kupiga simu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja, nahodha wa zamani, aliyekuja kuuliza kelele zile ni za nini. Alirudi kwake akaja na redio ya kusema na kujibu, ile ambayo wengi huiita simu ya upepo, ndogo ya kushika mkononi. Akabonyeza kitufe. "Shela, Shela. Kuna mgonjwa wa kuzaa. Nataka boti moja gatini Shela sasa hivi. Ni nani aliye karibu?" Redio ikakwaruza, kisha ikaja sauti ya kijana aliyekuwa akirudi kutoka kuvua. "Naya, baba. Dakika kumi." Na mara sauti nyingine ikadakia, "Nimesikia. Yeye yu karibu, mimi nakaa."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Mtu wa pili alijua kwamba haja imetoshelezwa, na nani ameitosheleza. Katika simu zetu tano hakuna aliyejua hata moja kati ya hayo mawili.

KUSIKIA BILA KUJIBU

Mwaka 1928 polisi wa mji wa Detroit, Marekani, walianza kutumia redio katika magari yao ya doria. Kituo kiliweza kusema na gari liliweza kusikia, basi. Askari hakuwa na njia ya kujibu. Ilimbidi asimamishe gari atafute simu. Aliyekaa kituoni hakujua kama ujumbe umefika, wala gari lipi linakwenda. Mnamo 1933 mji wa Bayonne, katika jimbo la New Jersey, ukaweka redio za kusema na kujibu ndani ya magari ya polisi. Tangu hapo kazi ya mtu wa zamu mezani ikabadilika: akaweza kujua nani yuko wapi, kumtuma aliye karibu na kumzuia aliye mbali. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia ikaleta redio za mgongoni na za mkononi, na baada ya vita zikaingia katika teksi, vyombo vya baharini na ambulensi.

Lakini hadithi inayonigusa zaidi mimi kama daktari ni ya Australia. Mhubiri John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika mji wa Cloncurry mwaka 1928. Ndege bila mawasiliano ni kazi bure, maana nani atamwambia rubani mgonjwa yuko wapi? Fundi Alfred Traeger akamtengenezea, mnamo 1929, redio iliyopata umeme wake kwa kupiga pedali kama za baiskeli. Mashamba yale ya mbali hayakuwa na umeme, na miguu ikiwa kazini mikono hubaki huru kutuma ujumbe. Na kwa vile wake wa wafugaji hawakujua alama za Morse, baadaye akawatengenezea kifaa chenye herufi kama taipureta: ukibonyeza herufi, kinatuma alama yake chenyewe.

Kitu kilichofuata hakikuwa mtambo hata kidogo. Kuanzia mwaka 1942 vituo vya mbali vilipewa masanduku ya dawa, na kila dawa ilikuwa na nambari yake. Daktari aliye mamia ya kilomita mbali aliweza kuagiza dawa kwa nambari, na hata redio ikikwaruza nambari husikika. Nimewahi kuona agizo la dawa likiharibika kwa simu safi ya kisasa, kwa sababu tu majina ya dawa mbili yanafanana. Sanduku lile la 1942 lingetuepusha na aibu hiyo.

MAMA DAKTARI WA SHELA

Kwetu Afrika Mashariki madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari wa Ndege mwaka 1957. Shirika hilo leo laitwa Amref Health Africa. Katika miaka ya 1960 likajenga mtandao wa redio za mawimbi mafupi ulioziunganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali na chumba cha redio kilichoko Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Vituo viliitwa kwa saa maalumu. Muuguzi aliyekuwa peke yake na mtoto mwenye degedege aliweza kumuuliza daktari, na wenzake waliokuwa wamefungua redio zao wakasikia swali na jibu kwa pamoja.

Shela yenyewe imo katika historia hiyo. Dkt Anne Spoerry, Mfaransa aliyejulikana kote kama Mama Daktari, alikuwa na nyumba hapa. Alijifunza urubani akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, akajiunga na Madaktari wa Ndege katika miaka ya 1960, na kwa miaka mingi akairusha ndege yake mwenyewe hadi visiwa vya Lamu na nyika za kaskazini. Alifariki Februari 1999. (Mashtaka juu ya mwenendo wake katika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück wakati wa vita ni habari nzito iliyoandikwa kwa kirefu baada ya kufa kwake, siyo ya ukurasa huu, ila sitaki ionekane naificha.) Ndege yake ilikuwa moja na vijiji ni vingi. Ili ziara moja iwe na faida ilibidi habari itangulie, wagonjwa wakusanyike, na yule asiyeweza kungoja zamu ya mwezi ujao ajulikane mapema.

MBALI NI WAPI?

Mbona redio zile zilikuwa za mawimbi mafupi, na ile ya mzee wa Shela ni ya aina nyingine? Mawimbi mafupi hupaa hadi tabaka la juu la anga, lenye chembe zilizochajiwa na jua, yakarudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana zahanati ya mpakani iliweza kusikika Nairobi. Ubaya wake ni kwamba tabaka hilo hubadilika jua linapochwa, kwa hiyo masafa yafaayo mchana huenda yasifae usiku, na mtu asiyejua kuyabadilisha hudhani redio imekufa.

Redio za boti ni za VHF. Hizi huenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi, na mviringo wa dunia huzikata. Mafundi wana hesabu yao ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa nne, jibu ni kilomita. Mlingoti wa mita 25 unafika kilomita 20 baharini. Antena ya boti iliyo mita mbili juu ya maji inaongeza kama kilomita sita. Kwa Shela na Lamu hiyo ni zaidi ya kutosha. Faza, katika kisiwa cha Pate, ni zaidi ya kilomita 30 kutoka Lamu, na Kiunga ni zaidi ya 80. Huko huwezi kufika bila kituo cha kati kinachopokea sauti na kuirusha tena kutoka mahali pa juu.

Simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka 2000, redio nyingi za zahanati zilinyamaza. Simwombi mtu yeyote atupe simu yake. Simu imeokoa wagonjwa wangu mara nyingi nisizoweza kuhesabu; kwa simu naweza kuona picha ya kidonda cha mtu aliye Ndau nikiwa nimeketi Mombasa. Hata hivyo, katika sehemu za Lamu zinazopakana na Somalia milingoti ya simu imewahi kushambuliwa, na mlingoti ukianguka kijiji kizima huwa bubu kwa siku nyingi. Redio mbili zenye betri haziombi ruhusa ya mlingoti wa kampuni. Zinachohitaji ni kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano na mtu wa kuzisikiliza.

Jambo kubwa zaidi ni lile la nahodha aliyesema "mimi nakaa". Simu humwita mtu mmoja, ambaye huenda amelala, yuko Mombasa, au hana chaji. Redio huiita zamu. Yeyote aliye kazini hujibu, na wengine wote husikia kwamba amejibu.

MAJIRANI WALIFANYAJE?

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama mjamzito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu: katika kuamua kutafuta matibabu, katika kufika hospitalini, na katika kupata matibabu akishafika. Miaka miwili baadaye, wilaya ya Iganga nchini Uganda ilianza mradi ambao ungeweza kubuniwa kwa ajili ya Lamu. Wakunga wa jadi walipewa redio za mkononi, vituo vya afya vikawekewa redio za VHF zenye kutumia nguvu za jua, na ambulensi nayo ikawa na redio. Mkunga wa kijijini aliyeona hatari hakuandika barua. Alibonyeza kitufe.

Taarifa za mradi zilisema vifo vya akina mama vilipungua kwa karibu asilimia 40 katika miaka mitatu. Mimi huzisoma takwimu za namna hiyo kwa tahadhari, kwa kuwa vifo vya uzazi katika wilaya moja ni vichache mno kuhesabiwa kwa uhakika, na pamoja na redio kulikuja ambulensi na mafunzo. Lakini kwamba wagonjwa wengi zaidi walifikishwa hospitalini, na mapema, sioni sababu ya kulitilia shaka.

Tanzania ilichukua njia ya simu, ila ikairekebisha. Mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022, una nambari moja ya bure, 115. Anayepokea yuko zamu. Huuliza maswali yaliyopangwa, hupima uzito wa hali, kisha hutuma ambulensi. Kama haipo karibu, humtuma dereva wa kawaida wa kijijini aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Dereva hana haja ya kumwuliza mume wa mgonjwa ana pesa ngapi mfukoni. Wakazi wa visiwani wanaojua bei ya petroli ya boti usiku wataelewa uzito wa jambo hilo.

KOSA LANGU

Nirudi Shela. Boti ilifika katika dakika kumi kama kijana alivyoahidi. Tulimbeba mama hadi gatini juu ya mlango ulioondolewa bawabani, mimi nikienda upande kama kaa kwa kuwa sikuweza kuondoa mkono. Ndani ya boti muuguzi alinishikia simu sikioni nikasema na hospitali. "Tunamleta mama anayevuja damu, tumo njiani." Kisha nikamwashiria akate.

Sikusema kwamba kipande cha kondo kimebaki, maana yake chumba cha upasuaji kitahitajika mara moja. Sikutaja kundi lake la damu, ingawa lilikuwa limeandikwa katika kadi ya kliniki, na kadi ilikuwa mkononi mwa mumewe futi mbili kutoka kwangu. Sikusema amekwisha kupewa sindano gani. Watu wa hospitali walijitayarisha kwa nilichowaambia, na nilichowaambia kilikuwa nusu. Muda uliopotea kutafuta damu baada ya kufika naujumlisha katika hesabu yangu mimi, siyo yao.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari Jeff Clawson wa Salt Lake City, Marekani, alitunga kadi za maswali kwa wapokeaji wa simu za dharura. Anayepokea huuliza maswali yaleyale kwa utaratibu uleule, awe anazungumza na mtoto wa shule au na profesa. Zamani niliona utaratibu huo ni wa kuwadharau wataalamu. Tangu usiku ule nimebadili mawazo, kwani mtaalamu niliyekuwa nami botini alikuwa mimi, na alihitaji kuulizwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukipiga simu au ukishika redio kwa ajili ya mgonjwa, anza na mahali ulipo, kwa alama inayojulikana hata na mgeni, maana mawasiliano yakikatika angalau mahali patajulikana. Sema umri wa mgonjwa na kama ana mimba au amejifungua. Kama anaitika akiitwa. Kama anapumua vizuri. Damu inayotoka imelowesha kanga ngapi. (Kanga ni kipimo kizuri kuliko "nyingi".) Sema amepewa nini na saa ngapi. Taja mnakuja kwa chombo gani na mtafika lini, na kama maji yanatoka, mtashukia gati ipi. Kisha mwombe aliyepokea arudie. Akikosea, ni afadhali akosee mkiwa bado mnasikilizana.

Usitaje jina la mgonjwa redioni. Kila mwenye redio anasikia, na siri ya mgonjwa ni haki yake. Nakiri kwamba Shela ilikuwa na habari zote kabla ya adhana ya alfajiri, lakini hawakuzipata kwa redio.

Nyumbani nako kuna la kufanya kabla ya dharura. Mwenye mjamzito aandike nambari mbili, si moja: ya kituo cha afya na ya mwenye boti au gari, na ajue ni nani hupokea usiku. Simu ya dharura apige mtu mmoja aliyechaguliwa, wengine wakae kimya hadi awaambie imepatikana au haikupatikana. Kundi la damu lijulikane mapema. Na kliniki ya ujauzito isirukwe, kwa sababu hapo ndipo mwenye kuhitaji kujifungulia hospitalini hutambuliwa mchana, bahari ikiwa shwari.

Lamu siku hizi haikosi watu wenye bidii. Shirika la Safari Doctors lililoanzishwa na Bi Umra Omar, mzaliwa wa huko, limekuwa likipeleka wauguzi na madaktari kwa mashua hadi vijiji vya mbali, na dunia imelitambua. Lakini ziara ya kliniki hupangwa, damu haipangwi. Kinachokosekana katika vijiji vingi vya pwani ni kitu kidogo na cha bei nafuu kuliko boti: meza moja, redio moja, simu moja, na mtu anayelipwa kukesha.

Mama yule alipona. Alitolewa kipande kile, akaongezwa damu, na siku ya tano akarudi Shela kwa boti ya mchana. Kabla sijaondoka nilikwenda kumshukuru yule mzee. Aliniambia redio huiacha wazi usiku kwa sababu mwanawe huvua, si kwa ajili ya wagonjwa. Kisha akaniuliza kama huko Mombasa najua duka linalouza betri yake, kwani hii aliyo nayo siku hizi haimalizi usiku.